Ua la Tisa

2 Septemba

Tiketi tumepata. Kabini ileile ya mwaka jana na mwaka juzi, sitaha ya kati, kitanda changu upande wa dirisha kwa sababu Kapa anasema dirisha linampuliza mgongo. Safari ya vuli ni nafuu kuliko ya kiangazi, na watoto wamesharudi shuleni, kwa hiyo sitaha nzima inabaki kuwa yetu sisi wazee, pamoja na viti vya kulalia na mablanketi yake.

Nikifa leo na mtu akaokota daftari hili, ajue kwamba Kapa ni Kapitolina Markovna, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Nizhny, mwalimu mstaafu wa chekechea. Mimi ni Taisia Yegorovna, Taya kwa Kapa, mjane, niliyeshona mapazia ya jumba la maigizo mpaka macho yakagoma. Kila asubuhi Kapa hugonga bomba la kupashia joto kwa kijiko, mara mbili, nami hujibu mara mbili. Maana yake: nimeamka, sijafa, weka birika. Watu wa ghorofa ya chini walilalamika mpaka wakachoka wenyewe.

9 Septemba

Mvua. Nimefua sweta la kijivu. Kapa ana simu nyingi siku hizi, na akizungumza anafunga mlango wa jikoni.

13 Septemba

Tumeondoka. Kabla ya kutoka tulikaa juu ya masanduku yetu, kimya, kama inavyompasa mtu yeyote mwenye akili kabla ya safari. Kwa kawaida Kapa ndiye wa kwanza kuinuka, maana kukaa kimya kunamwasha mwili. Leo alikaa tu, mpaka mimi nikakohoa.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Naangalia ukuta wako. Karatasi imebanduka pale juu."

Meli ni ileile, Unzha, imepakwa rangi nyeupe juu ya kutu. Chumba cha kulia ni kilekile. Mezani unapangiwa watu wa kula nao, na ukishapangiwa ndiyo basi mpaka mwisho wa safari, kama ndoa. Sisi tumepewa Prokhor Denisovich, fundi saa mstaafu, ambaye sikio la kushoto halisikii na la kulia linachagua. Na tumepewa mwanamke mmoja wa Perm aitwaye Rimma Lvovna, mwenye kofia nyekundu ambayo haivui hata mbele ya supu.

Aliposema tu "Perm", kijiko cha Kapa kikasimama hewani.

"Perm mtaa gani?"

Wakaanza mitaa. Mwana wa Kapa, Rodion, anakaa mbali huko Perm, kwa hiyo sikushangaa. Lakini supu yangu ilipoa nikingoja wamalize mitaa.

14 Septemba

Jua. Kiangazi cha akina mama kimetuwahi, siku zile chache za joto ambazo vuli hutupa halafu hunyang'anya. Miti ya pande zote mbili za mto imekuwa ya manjano. Nilipanda juu na blanketi langu kukalia kiti changu cha kila mwaka, karibu na bomba la moshi palipo na joto. Kofia nyekundu ilikuwa imeketi hapo, Kapa kando yake.

"Taya, vuta kile kiti cha kule," Kapa akaniambia.

Kiti cha kule kina mguu mmoja mfupi. Nikakaa nacho kikinibembea mpaka chakula cha mchana.

15 Septemba

Tumeshuka Plyos. Gatini meli zilikuwa zimefungwa ubavu kwa ubavu, ikabidi tupite ndani ya meli nyingine mbili ndipo tufike nchi kavu, tukiwaamkia watu wanaokula uji wao. Mimi na Kapa huwa tunashikana mikono katika kuvuka ubao wa kushukia, kwa sababu ya goti lake. Leo alishikana na Rimma Lvovna. Mimi nilishikana na kamba.

Tulipanda kilima kutazama mto kutoka juu. Wao wawili mbele, vichwa vimegusana, mimi nyuma na mwavuli na mfuko wa samaki wa moshi, kama mpambe wa bibi harusi. Nilipowafikia wakanyamaza. Kapa akasema, "Hewa nzuri, eh?" Mtu unayemjua miaka thelathini akianza kukuzungumzia habari za hewa, ujue kuna jambo.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nimeiandika hapa ili nisiiseme mezani.

16 Septemba

Kostroma. Jibini. Rimma Lvovna anajua jibini pia.

17 Septemba

Jana jioni kulikuwa na chemsha bongo ukumbini, na mpiga kodiani akatuchezea zile nyimbo zetu za ujana. Zawadi ilikuwa kikombe chenye picha ya meli. Rimma Lvovna alishinda. Alipopewa, akamkabidhi Kapa mbele za watu: "Chukua, Kapa, cha kuanzia nyumba."

Kapa. Hakusema Kapitolina Markovna. Siku nne wamejuana, tayari "Kapa". Mimi ilinichukua msimu mzima wa baridi na homa ya mapafu ya marehemu mume wangu ndipo nikaanza kumwita hivyo.

Na "cha kuanzia nyumba" ni nini? Nikamuuliza kabinini.

"Utani tu, shoga yangu. Lala."

Sasa kile kikombe kiko juu ya meza yetu, kinanitazama.

18 Septemba

Ukungu mzito asubuhi. Meli ilitia nanga katikati ya mto, tukakaa ndani ya weupe mtupu kama wa maziwa tukisikia kengele za meli nyingine tusizoziona. Kapa na yule mwingine walicheza karata. Mimi nilimfundisha Prokhor Denisovich kuchomeka uzi kwenye sindano kwa kutumia nywele, kisha akanifundisha kitu kuhusu saa ambacho nimekisahau.

"Rafiki yako amekuacha kwangu," akaniambia.

"Hajaniacha popote. Anapumzika."

"Sijasikia," akasema, na alikuwa amesikia.

19 Septemba

Uglich. Nilibaki ndani. Nikasema kichwa kinauma. Kapa akaniwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso, akanifunika, akakaa kidogo pembeni ya kitanda kama zamani, nami moyo ukatulia. Halafu mlango ukagongwa: "Kapa, tunachelewa kanisani." Akaenda. Kichwa kikaanza kuuma kwelikweli.

20 Septemba

Tumepita ule mnara wa kengele wa Kalyazin uliobaki umesimama peke yake majini, mji wake uko chini ya maji. Watu wote wakahamia upande mmoja kupiga picha mpaka meli ikainama kidogo. Baada ya hapo nahodha akageuza, na sasa tunarudi nyumbani.

Mezani Rimma Lvovna akatangaza kwamba kesho ni siku yake ya kuzaliwa, inayoangukia sawia na chakula cha nahodha, ile karamu ya kuagana. "Ila msinipongeze leo," akasema, "mtaniletea mkosi." Kapa akatabasamu na kutazama sahani yake. Nikajua anapanga kitu.

22 Septemba, asubuhi

Jana sikuweza kuandika. Naandika sasa nimejifunika blanketi sitahani, Kapa yuko kabinini amelala, au anajifanya.

Jana asubuhi tulifunga Yaroslavl. Kapa akasema goti limevimba, hatashuka. Nikaenda na kundi kutazama picha za kutani kanisani. Katikati ya watakatifu nikajiona mjinga, nikarudi mapema. Kabini ilikuwa tupu. Niliingia bafuni kunawa mikono, na ndani ya beseni nikakuta maua ya asta, ya zambarau, yamefungwa gazeti, vikonyo vimezama majini. Yale ambayo wanawake huuza pale gatini kwenye ndoo. Kumbe goti liliweza kufika gatini.

Miaka thelathini Kapa amenipa viazi, amenipa jamu, amenipa damu yake nilipopasuliwa. Maua hajanipa hata siku moja. Sisi si watu wa maua, ndivyo alivyosema siku zote. Na huyu wa kofia nyekundu, kwa siku nane tu, ameletewa shada.

Niliyahesabu. Yalikuwa tisa, kama inavyotakiwa kwa mtu aliye hai. Sijui ni mkono gani ulioingia pale, lakini ulikuwa na pete yangu. Nilichomoa moja lililokuwa katikati, nikalipangusa maji, nikalitia ndani ya kasha la miwani. Yakabaki manane. Shada la namba shufwa hupelekwa makaburini tu. Kila mtoto wa kwetu anajua hivyo kabla hajajua kusoma. Nilitaka Rimma Lvovna ayapokee, ayahesabu, shingo imwingie baridi. Nilitaka siku yake iharibike. Naliandika kama lilivyokuwa: kwa muda huo mfupi nilimtakia hata zaidi ya hilo.

Jioni tulivaa. Mimi nilivaa blauzi yangu ya hariri. Nahodha akazunguka akigonganisha glasi na kila meza. Kapa akamkabidhi Rimma Lvovna sanduku la peremende, akambusu mara tatu. Nikangoja maua. Akainama chini ya meza, akayatoa, akazunguka nyuma ya kiti cha Rimma Lvovna, na kusimama mbele yangu.

"Haya ni yako, Taya. Wewe. Usiniulize kwa nini, nitakwambia."

Nikayapokea. Rimma Lvovna alikuwa anapiga makofi, machozi yakimlengalenga, na nikaona kwamba alikuwa anajua toka mwanzo.

Prokhor Denisovich ndiye aliyesogeza miwani yake. Fundi saa, vidole vyake havijui kutulia. "Mbili, nne, sita, nane," akasema kwa ile sauti ya viziwi iliyofika meza za jirani. "Manane? Nani amekufa?"

Kapa akanipokonya shada, akahesabu. Akahesabu tena. Uso wake ukawa wa rangi ya kitambaa cha meza.

"Nilihesabu mwenyewe," akasema. "Mara mbili nilihesabu. Yalikuwa tisa."

"Yule mwanamke wa gatini amekupunja," Rimma Lvovna akasema. "Kaa chini, Kapa."

Kapa hakukaa. Alitoka nayo nje, na mhudumu anasema aliyatupa mtoni.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikaa pale nikila samaki wa nahodha.

22 Septemba, alasiri

Kapa amekuja hapa sitahani, amekaa kwenye kile kiti cha mguu mfupi, ameniambia yote. Nayaandika alivyosema.

"Rodion ananitaka nihamie Perm. Mkewe anarudi kazini, yule mtoto Uliana hana mtu. Wameshapaka rangi chumba. Tangu Agosti nakutafutia maneno, Taya, kila nikifungua mdomo natoka na karatasi ya ukutani. Nikasema nitayasema mtoni, ukiwa umepumzika. Nikasema nitakupa maua kwanza, maana sijawahi kukupa, halafu ndiyo nikwambie. Na nimekuletea nini? Nimekuletea maua ya maiti."

"Ni maua tu, Kapa."

"Usiniambie ni maua tu. Niliyahesabu mara mbili yakawa tisa, yakafika kwako manane. Kama si mimi niliyekosea na si yule mwanamke, basi nimeoneshwa. Nikikuacha, utakufa. Utakufa humo ndani peke yako na hakuna wa kugonga bomba." Akajifuta pua kwa pindo la blanketi langu. "Siendi. Mtandao ukirudi nampigia Rodion."

Nilitakiwa niseme hapo hapo. Kasha la miwani lilikuwa mapajani mwangu, nimelishika kwa mikono miwili.

Nikasema, "Fanya unavyoona, mwenzangu."

23 Septemba

Tumekwama kabla ya Gorodets. Maji ya mto yamepungua, meli zimepanga foleni zikingoja wafungulie maji ya bwawa la juu ndipo zipate kina cha kupita. Mtandao hakuna. Mvua nyembamba. Kile kiangazi cha akina mama kimetuaga bila kupunga mkono.

Nimepata nilichokitaka. Kapa hatoki kando yangu. Ananikatia mkate. Ananishika mkono kwenye ngazi. Jana nilipopiga chafya akaniwekea kiganja kifuani kusikiliza. Rimma Lvovna anakula kimya, na Kapa hamtazami, kana kwamba ni yeye aliyetia mkosi. Kile kiti cha karibu na bomba la moshi nimeachiwa mimi. Nimekikalia asubuhi nzima, na sijui kwa nini hakina joto.

Nilimkuta bafuni akiwa amefungua maji ili nisimsikie akilia. Mlango wa bafu la meli ni mwembamba kama karatasi.

Mchana akanionyesha picha kwenye simu. Chumba kidogo, ukuta wa kijani, vitanda viwili. Kwenye kimoja mtoto amepanga wanasesere wake wote wakiwa wamekaa.

"Wanakukalia kitanda kisichukuliwe na mtu," nikasema.

"Kitachukuliwa na sanduku la nguo za baridi," akasema Kapa, akazima simu.

23 Septemba, jioni

Maji yalikuja saa kumi. Meli ikatikisika, ikaanza kusogea, na kabla hata hatujaingia kwenye lango la maji linaloshusha meli simu ya Kapa ikalia mfululizo, ujumbe juu ya ujumbe. Tulikuwa kabinini. Akavaa miwani, akapiga. Aliyepokea hakuwa Rodion.

Sauti ya mtoto ilijaa kabini nzima. "Bibi, umefika mto gani? Nimekuwekea upande wa dirisha, lakini Baba anasema hupendi dirisha, kwa hiyo nitalala mimi."

"Uliana," Kapa akasema, "mwite Baba. Bibi ana neno."

Niliwaza maneno mengi ya kujitetea. Niliwaza kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na mimi sina ndugu, wala sijazaa. Niliwaza asubuhi za Januari bila bomba kugongwa. Halafu nikafungua kasha la miwani na kuweka lile ua juu ya meza, kando ya kikombe. Lilikuwa limesinyaa, lakini zambarau ni ile ile.

Kapa akalitazama. Kwenye simu Rodion alikuwa anasema, "Mama? Mama, unanisikia?"

"Nitakupigia," Kapa akamwambia, na akakata.

"La tisa," nikasema. "Nilidhani ni ya Rimma Lvovna."

Alivua miwani. Nje kuta za zege za lango la maji zilikuwa zinapanda pembeni ya dirisha, kabini ikawa giza.

"Yaani ulimtakia mtu kifo," akasema, "siku yake ya kuzaliwa."

"Ndiyo."

"Na siku mbili unanitazama nalia."

"Ndiyo, Kapa."

"Usiniite Kapa."

Akachukua mto wake, koti lake na dawa za presha. Kikombe akakiacha. Akafungua mlango akiwa na soksi tu miguuni, na nikasikia anagonga kabini ya Rimma Lvovna, na mlango ukafunguliwa mara moja, kama mtu alikuwa amesimama nyuma yake.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nalijua hilo. Lakini hata sasa naandika haya huku nikitega sikio kama wanacheka.

24 Septemba

Kabla ya kufika Nizhny, Rimma Lvovna alikuja kuchukua kandambili za Kapa. Kwa mara ya kwanza nilimwona bila kofia. Nywele zake ni chache sana.

"Kumbe yale manane yalikuwa yangu," akasema.

"Yalikuwa yako. Nisamehe, Rimma Lvovna."

"Umri huu unataka kunizika kwa asta. Walau ungengoja niletewe waridi." Akaketi kwenye kitanda cha Kapa bila kukaribishwa. "Unajua tulikuwa tunazungumza nini siku zote hizo? Sufuria. Mimi nilikaa kwa mwanangu, najua mkwe haguswi sufuria zake. Sufuria kidogo, na zilizobaki zote wewe. Taya anakunywa chai bila sukari, Taya anaogopa radi, Taya atabaki na nani. Nakujua mpaka namba ya viatu. Kule Plyos juu nilimwambia, Kapa, hebu nionyeshe basi huo mto, nimechoka na Taya."

Nikazitoa kandambili chini ya kitanda, nikaziweka mbele yake.

"Mimi nilipohama," akasema, "aliyenisindikiza ni dereva wa lori." Akachukua kandambili akaondoka.

Ningependa kuandika kwamba nimempenda. Sijampenda. Ila sasa najua kwamba wakati mimi namwonea yeye wivu, yeye alikuwa ananionea mimi.

Gatini Kapa alipanda teksi yake, mimi yangu. Tunakaa jengo moja, ngazi moja.

25 Septemba

Niligonga bomba. Mara mbili. Kimya.

26 Septemba

Kimya.

1 Oktoba

Baridi. Mwanamke wa ghorofa ya chini amenikuta kwenye ngazi: "Mmegombana? Siku hizi nalala mpaka saa mbili, nachelewa kazini."

7 Oktoba

Naona masanduku ya karatasi nje ya mlango wake. Nikaacha mtungi wa jamu ya cheri juu ya moja. Jioni mtungi haukuwepo. Haukurudishwa pia.

12 Oktoba

Leo bomba limegongwa. Mara moja.

Nilikuwa na mkate mdomoni. Nikajibu kwa kijiko, mara mbili. Nikangoja mpaka birika likaanza kupiga kelele. Ndipo ikaja ya pili.

13 Oktoba

Alikuja kunywa chai. Hatukutaja maua. Alitaja karatasi ya ukutani, akapanda juu ya kiti na gundi, na goti lake hilo hilo, akaibandika. Imekaa upande.

28 Oktoba

Theluji ya kwanza. Rimma Lvovna amempigia simu Kapa wakati tunakanda unga wa maandazi. Wanazungumzia soko lililo karibu na nyumba ya Rodion, mahali pa kununua kabichi nzuri. Nilikanda unga mpaka ukawa mgumu kama kisigino. Kapa akaufinya, akanitazama, akasema kwenye simu, "Rimma, nitakupigia baadaye, hapa kuna mtu anaua unga."

3 Novemba

Treni ni saa tisa na nusu. Rodion amekuja kubeba masanduku makubwa, ametangulia nayo chini kwenye gari. Rimma Lvovna atawapokea stesheni ya Perm, ameshanunua keki. Wiki ijayo watakwenda pamoja kutafuta mabuti ya sufu. Nimeambiwa yote hayo, na yote yameniuma, na nimemwambia Kapa kwamba yameniuma. Akasema, "Najua. Masikio yako yanakuwa mekundu."

Kile kikombe cha meli nilikifunga kwa gazeti nikamtilia mkobani. Cha kuanzia nyumba.

Asubuhi nilishuka mpaka duka la maua la kona. Asta zimekwisha msimu. Nilinunua maua meupe ya baridi, nikayahesabu dukani, nikayahesabu kwenye ngazi, na nikayahesabu mlangoni kwake kabla ya kubisha.

Kapa alikuwa ameshavaa koti. Hakuyapokea. Aliyaacha mikononi mwangu, akavaa miwani, na kwa kidole chake cha mwalimu wa chekechea akayagusa moja moja, bila haraka na bila aibu yoyote, mbele ya uso wangu.

"Saba," akasema.

"Saba."

"Geuza, nione na kule nyuma."

Nikageuza. Akaangalia kule nyuma.

"Haya," akasema, akayachukua. "Tukae."

Nyumba ilikuwa tupu, hata viti vilikuwa vimeondoka. Lilibaki sanduku moja, lile dogo la safari za mtoni. Akakaa, akasogea, akaniachia nusu. Chini Rodion alipiga honi, akangoja, akapiga tena. Kapa alikuwa anaangalia ukuta.

Safari hii sikukohoa.